Ukinunua shamba Kitale au Bungoma, unanunua na historia yake

Leo naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo limezijenga jamaa nyingi za mijini na kuzibomoa nyingine zisizo haba: kununua shamba au ploti. Na ili tusizungumze hewani, twende moja kwa moja Kitale na Bungoma, miji miwili ambayo jamaa nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret huitazama zinapofikiria mahali pa kuweka akiba ya maisha.

Habari yenyewe huanza kwa simu. Kuna ekari moja upande wa Kiminini, mwenyewe amebanwa na karo, anaiuza kwa bei ya kutupa, na kuna mtu mwingine anayekuja kesho asubuhi na pesa taslimu. Ama kuna ploti ya hamsini kwa mia pale Kanduyi, lami iko karibu na stima imepita mlangoni. Simu ikikatwa, baba huanza kupiga hesabu ya mkopo wa sacco. Mama naye huanza kuona migomba na kisima. Watoto hugawana vyumba vya nyumba ambayo haijajengwa, kwenye ardhi ambayo hakuna aliyeiona.

Je, ununue au usinunue? Msomaji, ningekudanganya kama ningekujibu kwa neno moja. Ardhi huleta faida, na ardhi hufilisi watu. Lakini jambo moja naweza kukuambia bila kusita: faida au hasara ya shamba haiamuliwi siku ya kuliuza. Huamuliwa kabla ya shilingi yako ya kwanza kutoka mfukoni, na huamuliwa na swali moja tu. Shamba hili lilitoka kwa nani, likafikaje mikononi mwa huyu anayeniuzia?

Swali hilo ni moja, lakini Kitale lina majibu yake na Bungoma lina yake. Anayekwenda Bungoma na maswali ya Kitale, au Kitale na maswali ya Bungoma, hurudi nyumbani na karatasi nzuri na mgogoro mbaya.

Utamu wenyewe

Tuanze na mema, kwa maana hakuna anayefuata nyuki bila kujua kuna asali. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi. Si ajabu kwamba kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka wa 1956 na ingali na makao yake huko. Mwenye ekari zake mbili tatu anaweza kulima mwenyewe, kuzikodisha kwa msimu, au kuziacha ziwe akiba ya uzeeni. Hati yake anaweza kuipeleka benki akapata mkopo.

Bungoma nayo imekaa kwenye barabara kuu ya kwenda Malaba na Uganda. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, miji hii miwili imekuwa makao makuu ya kaunti zake, na pamoja na ofisi huja wafanyakazi wanaotafuta nyumba za kupanga. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2015, kimeleta wanafunzi wanaotafuta vyumba. Kwa hivyo anayekuambia kuna faida hakudanganyi. Tatizo ni kwamba hakuambii mengine.

Kitale: uliza kampuni, uliza skimu

Kabla ya Wazungu kuingia, nchi ya Trans Nzoia ilikuwa ya Wasabaot, Wapokot na jamii nyingine za wafugaji. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi, wengi wao wanajeshi waliotoka vitani, chini ya mpango wa mwaka wa 1919. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, mashamba yale makubwa yakaanza kubadilisha mikono, hasa kwa njia tatu. Ni muhimu uzijue, kwa sababu kila njia iliacha mtego wake.

Njia ya kwanza ni skimu za makazi. Serikali ilinunua shamba la mlowezi, ikalikata vipande na kuwagawia wananchi, kila mmoja akipewa shamba pamoja na deni la kulipa pole pole. Deni hilo lisipomalizika, shamba halijawa lake moja kwa moja. Kuna wazee waliofariki wakiacha deni, na wana wao leo wanauza ekari wakiwa na barua ya kugawiwa tu. Barua si hatimiliki. Dai thibitisho kwamba deni lilimalizwa na kwamba hati ilitolewa.

Njia ya pili ni kampuni na vyama vya ushirika. Watu walichanga pesa, wakanunua shamba zima, na kila mmoja akapata ekari kulingana na hisa zake. Lilikuwa jambo la busara, na ndilo lililowapa wengi makao. Lakini katika baadhi ya mashamba hayo hati kubwa, ile inayoitwa hati mama, ilibaki kwa jina la kampuni miaka na mikaka. Wakurugenzi walizeeka, wengine wakafa, orodha za wanachama zikachanganyika, na hisa moja ikauzwa kwa watu wawili. Ukiambiwa, "Hati bado, lakini nina cheti cha hisa," fahamu kwamba hununui shamba. Unanunua matumaini ya kupata shamba. Huenda matumaini hayo yakatimia, lakini bei yake haiwezi kuwa sawa na ya shamba lenye hati.

Njia ya tatu ni mashamba yaliyobaki mikononi mwa umma, hasa yale ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lililoundwa mwaka wa 1965 na ambalo lina mashamba makubwa Trans Nzoia. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka wa 2003 kuchunguza ardhi ya umma iliyotolewa kinyume cha sheria, ilitoa ripoti yake mwaka wa 2004. Ilionyesha jinsi ardhi iliyotengewa umma, yakiwemo mashamba ya ADC na ya skimu za makazi, ilivyoishia kwa watu wenye uwezo. Tume ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 nchini zilitolewa kwa njia isiyo halali. Nyingi za hati hizo zina mhuri na sahihi zinazofanana kabisa na zile za halali.

Hapo ndipo wengi huniuliza, "Lakini kama mimi sijui chochote, nimenunua kwa pesa zangu na nina hati, si sheria itanilinda?" Msomaji, usitegemee hilo. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ploti yenyewe ilikuwa ufuoni, na mwaka wa 1989 ilikuwa imegawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kabla ya kuuzwa na kufika kwa kampuni hiyo. Mahakama ilisema kwamba kwa kuwa ugawaji wa kwanza haukufuata taratibu, mnunuzi wa baadaye hakuweza kujificha nyuma ya hati yake. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 40, nayo inasema wazi kwamba haki ya kumiliki hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Mombasa ni mbali na Kitale, lakini sheria ni moja. Mzizi ukioza, tawi halipati maji.

Bungoma: uliza boma

Sasa panda matatu ushuke Bungoma. Hata saa mbili hazifiki kwa kawaida, lakini kwa upande wa ardhi umeingia nchi nyingine. Huku sehemu kubwa ya mashamba haikutoka kwa mlowezi wala kampuni. Ilitoka kwa babu. Mashamba yalipopimwa na kuandikishwa, jina la mzee ndilo lililoingia katika rejista, na katika maboma mengi jina hilo lingali pale ingawa mzee amelala kaburini, pengine hatua thelathini kutoka pale unapooneshwa ploti.

Wanawe waligawana kwa mdomo. Wa kwanza alipata upande wa mto, wa pili upande wa barabara, na wa tatu katikati. Leo yule wa upande wa barabara anataka kuuza "fungu lake". Hasemi uongo, kwa maana hata majirani wanajua ni lake. Lakini kisheria hana cha kuuza. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, inasema hakuna ruhusa ya kuuza ardhi ya marehemu kabla ya mahakama kuwateua wasimamizi na kuthibitisha mgawo wa mali. Anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini hiyo anatenda kosa la jinai. Nawe uliyempa pesa utakuwa umebaki na kipande cha karatasi kilichoandikwa mbele ya mzee wa kijiji.

Na hao warithi ni nani? Wengi hudhani ni wana wa kiume peke yao. La hasha! Sheria haimbagui mtoto wa kike, awe ameolewa au hajaolewa. Binti aliyeolewa Mumias miaka ishirini iliyopita ana haki ya kusimama mahakamani na kuuliza ni nani aliyeuza shamba la baba yake. Wake wote wa mzee wana haki, na watoto wa nyumba zote. Ukitaka kujua boma lina watu wangapi, usimuulize muuzaji peke yake. Nenda mwezi wa Desemba, au mwezi wa Agosti wa mwaka wa tohara, wakati wana wa Wabukusu wanaporudi nyumbani kutoka kila pembe. Utawaona wenye shamba kwa macho yako.

Kuna na hatari nyingine ambayo ni kinyume cha hiyo: mzee yu hai, ila yuko mgonjwa au yuko mbali, na mwanawe ndiye anayekuonyesha mipaka. Kama jina lililo katika hati ni la mzee, basi anayeuza ni mzee. Mwana hawezi kutia sahihi kwa niaba yake isipokuwa ana mamlaka halali ya kisheria. Na kama muuzaji ana mke, au kama ni mama mwenye mume, idhini ya mwenzake itafutwe kwa maandishi. Shamba lililouzwa baba akiwa baa na mama akiwa jikoni lina kesi ndani yake tayari.

Usije ukadhani haya ni maneno ya mahakamani tu. Huko Mlima Elgon, katika kaunti iyo hiyo ya Bungoma, mzozo wa nani apewe shamba katika skimu ya Chebyuk ulikuwa kiini cha mapigano ya mwaka wa 2006 hadi 2008, wakati wa kundi la SLDF. Watu wengi waliuawa na maelfu wakahama. Swali la "lilitoka kwa nani" lisipojibiwa kwa amani, hujibiwa kwa njia nyingine.

Lendi bodi si mchezo

Kwa shamba la kilimo, pande zote mbili, kuna mlango mmoja ambao lazima upitie: bodi ya kusimamia ardhi, ambayo wengi vijijini huiita lendi bodi. Sheria yake ni ya mwaka wa 1967 na ingali inatumika. Inataka muuzaji na mnunuzi waombe idhini ya bodi katika muda wa miezi sita tangu wapatane. Bila idhini mapatano huwa batili, na haki ambayo sheria hiyo inakuachia ni kurudishiwa pesa ulizotoa. Hebu fikiria: umelipa laki tano, umekaa miaka minane, shamba limepanda bei maradufu, kisha unaambiwa urudishiwe laki tano zako, tena baada ya kuandamana na mawakili.

Kweli, Mahakama ya Rufaa mwaka wa 2018 ilikubali kwamba mnunuzi aliyelipa na kukabidhiwa shamba anaweza kulindwa kwa misingi ya haki hata kama idhini haikupatikana. Lakini je, unataka kununua shamba, au unataka kununua kesi ya miaka kumi? Kumbuka Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina vituo Kitale na Bungoma pia, na hazikosi kazi.

Bodi inafaa kwa jambo jingine. Kwa kawaida wajumbe hutaka kujua kama mke na watoto wa muuzaji wanafahamu na wamekubali. Muuzaji anayekuambia, "Bodi tutaiendea baadaye, nipe kwanza pesa za karo," huenda anaogopa swali hilo.

Hebu tupige hesabu

Sasa tuseme kila kitu ni halali. Historia ni safi, hati ni safi, na boma limekubali. Je, faida ipo? Hapo usitumie moyo, tumia kalamu.

Tuchukue mfano wa kukisia. Umenunua ploti karibu na chuo kwa shilingi 800,000, ukajenga vyumba kumi kwa shilingi 2,200,000. Jumla ni shilingi milioni tatu. Kila chumba unakipangisha kwa shilingi 3,500 kwa mwezi. Aliyekuuzia atakuambia: 35,000 mara kumi na mbili ni 420,000 kwa mwaka. Tamu, sivyo?

Lakini wanafunzi huenda likizo. Tuseme vyumba vinajaa miezi tisa, na pesa zinazoingia ni 315,000. Kodi ya serikali kwa mapato ya nyumba za kupangisha, tangu Januari 2024, ni asilimia 7.5 ya pesa zote zinazoingia iwapo kwa mwaka ni kati ya 288,000 na milioni 15. Toa 23,625. Mlinzi wa ploti ukimlipa 5,000 kwa mwezi ni 60,000. Marekebisho, maji na ada za kaunti, tuseme 40,000. Unabaki na shilingi 191,375. Hiyo ni kama shilingi sita na senti arobaini kwa kila shilingi mia ulizoweka, na itakuchukua zaidi ya miaka 15 kurudisha pesa zako.

Kama pesa zilikuwa akiba yako, unaweza kusubiri, huku ukitumaini bei ya ploti itapanda. Lakini kama ulikopa milioni tatu kwa riba ya asilimia 12, riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia 360,000. Vyumba vyako havilipi hata riba, na tofauti itatoka katika mshahara, yaani katika sahani za watoto. Ndiyo maana nasema, mkopo wa kununulia ardhi usipimwe kwa kodi unayotarajia. Upimwe kwa mshahara ulio nao.

Na usisahau gharama za njiani. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ploti za mjini na asilimia 2 kwa mashamba ya vijijini, na hulipwa na mnunuzi. Kuna wakili na kuna mpima ardhi. Nayo siku utakapouza kwa faida, serikali itadai asilimia 15 ya faida hiyo, isipokuwa kwa mali iliyosamehewa na sheria. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 5 hadi mwisho wa mwaka wa 2022.

Ile "hamsini kwa mia" nayo ina siri yake. Wauzaji hupenda kuiita thumuni ya ekari. Futi 50 mara 100 ni futi mraba 5,000, ilhali thumuni ya ekari ni 5,445. Ni kidogo, lakini ukijumlisha na barabara ambayo muuzaji "alisahau" kuiacha, unaweza kujikuta na ploti ambayo lori la mchanga haliwezi kuifikia.

Funzo la Webuye

Kuna hatari nyingine ambayo haiko katika hati wala katika boma. Iko katika mji wenyewe. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper pale Webuye kilianza kazi katika miaka ya 1970, na mji mzima ukakua kukizunguka. Watu walijenga nyumba za kupangisha wafanyakazi, na kwa miaka mingi kodi ikaingia bila shida. Mwaka wa 2009 kiwanda kikafungwa. Wapangaji wakafunga virago, nyumba zikabaki tupu, na mwenye nyumba aliyekuwa na hati safi kabisa akaonja umaskini. Kiwanda kilipata wawekezaji wapya mwaka wa 2016, lakini miaka ile ya katikati haikurudi.

Kwa hivyo kabla ya kujenga, jiulize: wapangaji wangu wanategemea nini? Kama wote wanategemea lango moja, liwe la kiwanda, chuo au ofisi, fahamu kwamba siku lango hilo likifungwa na lako limefungwa. Ploti inayoweza kupata mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa soko na mwanafunzi ni bora kuliko inayongoja mwanafunzi peke yake, hata kama kodi yake ni ya chini.

Ufanyeje basi?

Kwanza, usinunue kwa simu. Nenda uione ardhi, na ikiwezekana nenda wakati wa mvua za Aprili na Mei. Shamba linalopendeza mwezi wa Januari huenda likawa kinamasi mwezi wa Mei.

Pili, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi, Kitale au Bungoma, ufanye uchunguzi wa rekodi, ule ambao watu wameuzoea kwa jina la "sachi". Usikubali sachi iliyoletwa na muuzaji au dalali. Tena usiishie kwa jina la mwenye shamba wa leo; omba nakala ya kadi ya kijani, inayoonyesha lilivyopita kutoka mkono hadi mkono, na kama lina rehani ya benki au kizuizi cha mahakama.

Tatu, ongea na majirani na naibu wa chifu bila muuzaji kuwapo. Jirani anayepakana nawe anajua mengi ambayo rejista haijui. Kisha mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mipaka, kwa maana kuna watu waliooneshwa shamba zuri la jirani na kupewa hati ya bonde.

Nne, mapatano yawe kwa maandishi, yenye sahihi na mashahidi, mbele ya wakili wako, si wakili wa muuzaji. Sheria ya mikataba haitambui mauzo ya ardhi ya mdomo. Lipa sehemu ndogo kwanza, na salio likae kwa wakili hadi idhini ya bodi na karatasi za kuhamisha umiliki zipatikane.

Tano, ukishanunua usilitupe. Weka ua, panda miti, mpe mtu alilime kwa mapatano ya maandishi. Sheria inasema aliyekalia ardhi ya mwingine waziwazi bila ruhusa kwa miaka 12 anaweza kwenda mahakamani kudai iwe yake. Watu wa mjini hununua, wakatia hati kabatini, na kurudi siku ya kustaafu wakapokelewa na mwenye nyumba ya mabati na watoto watano.

Na la sita, ambalo wengi hulidharau: kama una shaka, kodi kwanza. Ukikodi ekari moja Trans Nzoia kwa msimu mmoja au miwili, utavuna mahindi yako, na zaidi ya mahindi utavuna habari. Utajua ni shamba gani lina kesi, ni boma gani lina ugomvi, maji hukauka mwezi gani, na ni nani husema kweli. Gharama ya msimu mmoja ni ndogo kuliko gharama ya kesi moja.

Neno kwa vijana

Nanyi wanafunzi, msidhani mazungumzo haya ni ya wazazi peke yao. Ninyi ndio mnaoletewa matangazo ya ploti kwenye simu, picha nzuri na maneno "lipa pole pole". Pesa za karo si za kuweka akiba ya ploti ambayo hamjaiona. Lakini kuna kazi mnayoweza kuifanya bila shilingi. Baba na mama wakianza kuzungumza juu ya kununua, ombeni kuandamana nao hadi ofisi ya ardhi. Someni fomu, linganisheni nambari ya shamba iliyo katika hati na ile iliyo katika mapatano, na ulizeni lile swali ambalo mtu mzima huona haya kuliuliza mbele ya muuzaji. Kama mzazi anataka kununua bila mwenzake kujua, mkumbusheni kwa heshima kwamba shamba la siri huzaa matanga yenye ugomvi.

Mpenzi msomaji, wapo watakaokuambia ukisubiri bei itapanda na utaachwa. Ni kweli, bei hupanda. Lakini shamba halihami. Litakalouzwa leo kwa mwingine litafuatwa na jingine mwezi ujao, kwa maana karo haiishi na wauzaji hawaishi. Pesa zako za miaka ishirini zikishatoka ndizo zisizorudi. Kwa hivyo muuzaji akikuambia kuna mtu wa kesho asubuhi, mwambie kwa upole amuuzie huyo mtu. Kama shamba ni safi, litakungoja wiki mbili ufanye uchunguzi wako. Kama haliwezi kungoja wiki mbili, umeshapata jibu lako.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia wiki yenye baraka wewe na jamaa yako.